Rubi Niliyosema Imetoka Ardhini

Kabula, ng'wanone, mwanangu,

Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza. Sweta, maji ya kunywa, usimpe mtu begi akushikie, piga simu ukifika Singida, piga tena ukifika Arusha. Habari ya sweta nimemsikia akikuambia tangu asubuhi, na kila mara umeitikia kama vile ndiyo kwanza unaisikia. Kwa hilo tu Mungu akubariki.

Mimi leo nimefunga duka mapema. Jua bado lipo, mlango nimeuacha nusu wazi, na bodaboda zinapita kuelekea sokoni. Meza yako sijaigusa. Nimekaa kwenye yangu na karatasi hizi kwa sababu yapo mambo ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo nitaishia kukohoa, halafu nikuulize kama mzigo umefungwa vizuri. Unanijua.

Unakwenda kujifunza kukata mawe. Walimu wako watakufundisha pembe, mashine, na namna mwanga unavyoingia kwenye jiwe na kutoka. Hayo mimi siyajui. Fundi aliyenifundisha usonara kule Mwanza, Mungu amrehemu, alinifundisha kuyeyusha dhahabu, kuvuta waya na kuunga pete. Kuhusu mawe alinipa neno moja tu: "Jiwe ni la kweli au ni feki." Nilirudi Bariadi na neno hilo, nikafungua kibanda, na nikaishi nalo miaka mingi kabla wewe hujanionyesha kuwa halitoshi.

Nikueleze kwanza habari ya Mama Limi wa Sapiwi. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi.

Alikuja siku ya soko, vidole vimevimba kwa jembe. Alivua pete yenye jiwe jekundu, akaiweka juu ya meza, akasema, "Fundi, inanibana. Unaweza kuiongeza?" Dukani kulikuwa na vijana wawili wakisubiri mkufu, na mwalimu mmoja aliyekuja kupima kidole. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimepata lenzi, ile ndogo ya mkononi ambayo baadaye uliifanya yako, na nilikuwa natafuta nafasi ya kuonekana nayo. Nikaliangalia jiwe lile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndani mlikuwa na viputo vya duara kama vya soda, na kingo zilikuwa zimelika kama sabuni. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Mama, hiki ni kioo. Aliyekuuzia amekula hela yako."

Akanitazama. "Sikuuziwa," akasema. "Alinipa mume wangu."

Kijana mmoja akacheka kidogo. Mama Limi akaichukua pete yake, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka. Mimi nikarudi kwenye kazi nikiwa na amani kabisa. Nilikuwa nimesema kweli.

Nyumbani nikamsimulia mama yako huku akichambua mchele. Yeye ni mzaliwa wa Sapiwi, nilidhani atafurahi kusikia mumewe amekuwa mtaalamu. Mkono wake ukasimama kwenye ungo. "Mume wake yuko wapi?" akaniuliza. Nikasema mimi nitajuaje. Akasema, "Alikufa. Walimzika wakati wa mvua, gari la maiti likakwama njiani, watu wakalisukuma mpaka kwake. Sapiwi nzima inajua." Akaendelea kuchambua mchele, na hakuniuliza tena habari za lenzi.

Nilikaa na jambo lile. Siku moja nikamwona Mama Limi mnadani, ameshika kamba ya mbuzi wake. Nikamsogelea. "Mwadila, mayu." Akaitikia kwa adabu, kama anavyoitikia mtu yeyote. Nikamwambia nilikosea, sikupaswa kumsemea vile mbele za watu. Aliniacha nimalize, kisha akasema bila ukali wowote:

"Fundi, mimi sikukuuliza ni jiwe gani. Nilikuuliza kama pete itaongezeka."

Ilipita karibu mwaka mzima ndipo akaituma ile pete kwa mkono wa binti yake, Limi. Nilikitoa kioo kwanza, maana moto wa gesi ungekipasua, nikakiweka kwenye pamba, nikaiongeza pete, nikaing'arisha, nikakirudisha kioo mahali pake kwa uangalifu ambao sijawahi kuitolea rubi. Limi alipokuja kuichukua alisema mama yake anataka kujua jambo moja tu, kama imetoka vizuri. Nikamwambia imetoka vizuri.

Mtu angedhani hapo nimejifunza. Kweli nilijifunza, ila nilijifunza vibaya. Nilitoka kwa Mama Limi nikiamini kwamba ukweli wa jiwe huwaumiza watu, na kwamba fundi mwenye huruma humwambia mtu kile anachotaka kusikia. Nikakaa na wazo hilo mpaka alipokuja Nkwimba.

Habari ya Nkwimba unaifahamu, lakini unaifahamu upande mmoja.

Walikuja pamoja, yeye na Masunga wake wa Nkololo, wanataka pete ya ndoa yenye jiwe jekundu. Ukawawekea mawe matatu juu ya karatasi nyeupe, ukampa Nkwimba lenzi, ukamwonyesha namna ya kuisogeza karibu na jicho. Mimi nilikuwa nafua waya, nasikiliza.

Ukamwambia la kwanza limechimbwa, na ndani ataona nyuzi nyembamba na nyufa, na kwamba nyufa zile zimejazwa kioo ili jiwe lipendeze. Ni la ardhini lakini linataka kutunzwa. Ukamwambia la pili limekuzwa maabara, ni rubi ileile, ugumu uleule, ila limekua kwa saa chache mikononi mwa watu, na ukitazama vizuri utaona mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri. La tatu ukamwambia ni kioo chekundu, kinang'aa sana leo, lakini kwa pete ya kila siku kingo zake zitalika. Masunga akauliza kama hakuna la ardhini lililo safi. Ukamwonyesha rubi moja tuliyokuwa nayo, ndogo kama punje ya ulezi.

Mimi nikadakia kutoka kwenye meza yangu: "Kwa kifupi, la kwanza la kweli, hayo mengine feki."

Hukugeuza hata kichwa. "Hapana, baba. Hili la katikati ni rubi. Na hata kioo si feki kama unakiita kioo. Feki inaanzia pale ukiliuza hili ukasema limechimbwa."

Nkwimba akacheka, halafu akawa makini. Akasema yeye ni nesi, ananawa mikono kutwa, anavaa glavu na kuvua, akirudi nyumbani anakamua ng'ombe. "Nataka pete ninayoweza kuisahau kidoleni," akasema. Akachagua la katikati. Masunga akakubali, lakini niliona macho yake yanarudi kwenye ile punje ya ulezi.

Ulichokuwa hukijui ni kwamba Masunga alirudi peke yake siku iliyofuata, wewe umekwenda kujaza mtungi wa gesi. Akaegemea meza, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, baba mkubwa atakuja kuiona pete. Ndiye aliyenilea, na ng'ombe wa mahari ni wake. Aliwahi kufanya kazi migodini huyu mzee. Akikuuliza, mwambie tu limetoka ardhini."

Nilimfikiria Mama Limi na pindo lake la khanga. Nikajiuliza, nani ataumia? Jiwe ni rubi, bibi harusi anajua, mzee atalala na furaha yake. Nikamwambia, "Aje tu."

Mzee Lugembe, huyo baba mkubwa, alipokuja ulikuwepo. Unakumbuka alivyovua kofia kabla ya kuishika pete. Akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akatuambia habari zile za ujana wake mgodini, namna mawe yalivyokuwa yakipita kwenye mikono yake kutwa, na jioni wanapekuliwa mpaka mdomoni. "Sikuwahi kulaza hata moja nyumbani kwangu," akasema. Halafu akaniuliza, "Fundi, hili limetoka ardhini?"

"Ndiyo, mzee."

"Ardhi yetu hii?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja, sikujiandaa kwa la pili. Ndiyo tabia ya uongo, ng'wanone, haukai peke yake. Nikasema, "Ndiyo, ya hapahapa Tanzania." Mzee akaifumba pete kiganjani, akashukuru, "Wabeja," na jicho lake lilikuwa na maji.

Wewe ukaweka koleo chini, ukatoka nje. Hukubamiza mlango. Ningependa ungeubamiza.

Ulirudi, ukaimaliza kazi, ukaisafisha pete ile mpaka ikawa nzuri kupita zote tulizowahi kutengeneza. Jioni tukiwa njiani kurudi nyumbani nikakuuliza kama umekasirika. Ukasema, "Sijakasirika, baba. Nawaza tu kwamba kuanzia leo ukiniambia jiwe ni la kweli, itabidi niliangalie mwenyewe."

Nikajitetea. Nikakusimulia habari ya Mama Limi, jinsi ukweli wangu ulivyomtoa mwanamke mjane dukani ameinamisha kichwa. Ulinisikiliza hadi mwisho, hukunikatiza. Tulikuwa tumefika karibu na nyumbani uliponijibu:

"Mama Limi hakuuliza, baba. Mzee ameuliza."

Ukaingia ndani kumsaidia mama yako. Mimi nikabaki uani nikijifanya natafuta mbuzi.

Sasa nikuambie ambacho sijawahi kukuambia. Ile siku niliyosema nakwenda kuangalia pamba ya mjomba wako, sikwenda kwenye pamba. Nilikwenda Nkololo.

Nilimpigia Masunga kwanza, nikamwambia twende wote. Akanisihi, na aliposhindwa kunisihi akakasirika. "Utaniharibia harusi, fundi. Wewe ulikubali." Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilimwambia ni kweli nilikubali, na ndiyo maana ninayekwenda ni mimi. Akakata simu. Nikapanda bodaboda peke yangu, na njia nzima kijana wa bodaboda alikuwa akinisemesha habari za mpira nami naitikia bila kusikia.

Nilimkuta mzee zizini, ameshika ndama aliyeumia mguu, anampaka dawa. Tukasalimiana vizuri. Akadhani nimekuja kwa ajili ya harusi, akaniambia nikae. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za mvua.

"Mzee, ile pete. Nilikuambia jiwe limetoka ardhini. Halikutoka ardhini."

Hakuinua kichwa. "Ni kioo?"

"Si kioo. Ni rubi kamili, ila imekuzwa maabara. Watu wameitengeneza."

"Binti anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyelichagua, kwa sababu ya kazi zake. Yeye hakumdanganya mtu. Aliyekudanganya ni mimi."

Sikumtaja Masunga. Mzee hakuniuliza, na safari hii nilikuwa nimeshaelewa tofauti ya kuulizwa na kutoulizwa. Akamaliza kumpaka ndama dawa, akamwachia, akamtazama anavyochechemea kwenda kwa mama yake. Ndipo akasema:

"Ungeniambia palepale dukani ningekasirika, ningelala, ningesahau. Sasa nitakumbuka."

Akaingia ndani. Nilisubiri kidogo, nikiamini labda atatuma mtu na maji. Unajua kwenye mji wa Msukuma mgeni kuondoka bila hata maji maana yake ni nini. Maji hayakuja. Nikatembea mpaka barabarani.

Nilipofika nyumbani mama yako aliniuliza habari za pamba, nikamwambia ukweli wote jikoni, akanipa ugali na maziwa ya mgando, akakaa nami mpaka nikala. Nilimwomba asikuambie. Nilikuwa naona aibu, Kabula. Aibu yenyewe haikuwa ya kule Nkololo. Niliona aibu ujue kwamba mtoto wangu amesema maneno machache njiani, nami nikashindwa kulala kwa sababu yake. Wanaume wa rika langu hatukulelewa hivyo. Sasa naona ni jambo la kujivunia, na nimechelewa kulisema.

Harusi ilifanyika. Baada yake Nkwimba alikuja kuisafisha pete, wewe ulikuwa umekwenda Shinyanga kwenye ule usaili. Akaniambia mzee alisimama kwenye sherehe, akaomba watu wanyamaze, akatangaza kwamba jiwe la bibi harusi limepikwa kiwandani kama sabuni. Watu wakacheka. "Nikainua mkono," Nkwimba akasema, "nikamwambia, ndiyo baba, na mimi ndiye niliyelichagua. Akanitazama, akasema, basi wewe angalau hukunificha. Akaniongezea mtamba mmoja wa ng'ombe mbele ya watu wote."

Mtamba alipewa yeye. Mimi mzee Lugembe hajakanyaga tena dukani kwangu, na wapo watu wa Nkololo ambao wakitaka pete hupita mlango huu wakaenda mbele. Masunga alininunia muda mrefu. Siku hizi ananipungia mkono. Sisemi haya unionee huruma. Ni gharama yangu, na ningeilipa tena. Ninachojutia ni ile furaha ya mzee pale mlangoni, maana nilimpa kitu ambacho hakikuwepo halafu nikakifuata nyumbani kwake kumnyang'anya.

Kule Arusha mawe yatakuwa mengi, na maneno yatakuwa mengi kuliko mawe. Utakutana na wanaodharau kila kilichotoka maabara, na wengine wanaowacheka wanaotaka cha ardhini. Usimcheke mtu wa namna ya mzee Lugembe. Hakuwa mjinga. Alitaka kitu kimoja kutoka kwenye ile ardhi iliyokula ujana wake, na haki hiyo alikuwa nayo. Ningemwambia ukweli, pengine angeagiza ile punje ya ulezi kwa ajili yake mwenyewe, akaivaa mpaka kaburini. Wala usimdharau msichana anayenunua kioo cha kijani kwa ajili ya sherehe ya siku moja, akacheza nacho, akakipoteza kwenye vumbi. Wewe mwambie tu ni kioo, halafu umwekee vizuri.

Anayenunua kwako mwambie yote kabla hajauliza. Anayekuletea kilicho chake tayari, msikilize kwanza anauliza nini. Nimetumia miaka mingi na watu wawili niliowaumiza kufika kwenye maneno hayo, na bado sina hakika nitayakumbuka siku mtu atakaposimama mbele yangu na uso wa kuhurumiwa.

Kisha, kabla ya jiwe, uwe unautazama mkono. Hili ulinifundisha wewe kwa Nkwimba, nami nakurudishia. Atakuja mtu anataka tanzanaiti kwenye pete, na viganja vyake ni vya jembe na mchi. Jiwe hilo ni zuri, ni letu, lakini halipendi kugongwa. Mwambie hereni zitamfaa zaidi. Akisisitiza pete, mtengenezee, mkono ni wake.

Utaharibu mawe. Mimi nimeharibu. Niliwahi kuunga pete yenye rubi iliyojazwa kioo bila kulitoa jiwe, moto ukalipata, likatoka limefifia kama jicho lenye mtoto. Nilimwita mwenyewe, nikamwonyesha. Hiyo ni mara moja nilipofanya sawasawa bila kufundishwa na mtu, kwa hiyo niruhusu niitaje.

Nilitaka kuishia hapo, lakini umeingia. Sasa hivi tu. Umekuja kuchukua lenzi, nami nimekukabidhi, na umeona nimefunika karatasi kwa kiganja.

"Baba, unaandika nini?"

"Oda ya waya wa fedha. Ya Mwanza."

Ukasimama hapo mlangoni na mwanga nyuma yako, ukanitazama kama unavyolitazama jiwe, pole pole, kutoka kila upande. Kisha ukasema, "Sawa, baba. Mama anasema chakula tayari," ukaondoka bila kuuliza tena.

Ng'wanone, hakuna oda. Nilikuwa nakuandikia wewe, na nilikuwa nalia kidogo.

Baba yako.